Farasi wa Scots Greys wanatoka kama wamepakwa chokaa, naomba msaada

Mdau_wa_Tabata

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa yeyote anaepaka vijisanamu vya askari wa farasi, hasa vya enzi za Napoleon. Nina boksi la Scots Greys, kile kikosi cha Scotland cha wapanda farasi wa kijivu, wa plastiki, milimita 28, farasi 12 na wapandaji wao, nimeletewa na shemeji yangu aliyepo Uingereza. Askari wa miguu nimeshapaka zaidi ya mia na wanatoka vizuri tu ila hawa farasi wananitesa aisee.

Nilichofanya ni hivi, nimepuliza praima nyeusi (ile rangi ya kwanza ya kushikia), ikakauka, nikapaka kijivu, halafu nikaja na nyeupe kwa brashi kavu juu ya misuli. Nimemaliza wanne, picha nimeweka, na wote wanafanana kama mapacha, weupe wa ukuta uliopigwa chokaa, na ukisogeza jicho karibu unaona rangi imekaa kama unga. Hatamu nazo nimezipaka mwisho nikachafua shingo zote. Wapandaji nilishawagundisha juu ya farasi kabla ya kupaka kwa hiyo chini ya mapaja brashi haifiki kabisa.

Juni 18 mimi na jamaa yangu tunapanga vita vya Waterloo mezani kwa vijisanamu, yeye ana Wafaransa na kazi yake ni safi mno. Nataka hawa waliobaki wanane watoke kama farasi kweli. Nifanyeje?

BrashiNamba2

Karibu mkuu. Kwanza achana na praima nyeusi kwa farasi wa rangi nyepesi, nyeupe juu ya nyeusi lazima ufunike mara nne tano na ndo maana unapata huo unga. Anza na praima ya kijivu nyepesi au nyeupe kabisa.

Mimi farasi wote napaka kwa rangi ya mafuta, ile ya tyubu wanayotumia wachoraji wa picha, na sijarudi nyuma tangu nimejifunza. Unapaka farasi mzima rangi ya akriliki nyepesi, kwa hawa wako chukua nyeupe utie tone la kijivu na tone dogo la kahawia isiwe baridi sana, unaacha ikauke usiku kucha, usiharakishe hapa kwa sababu akriliki ikiwa mbichi tapentaini itaikwangua. Kesho yake unachanganya nyeusi ya mafuta na kahawia ile ya Burnt Umber, unailegeza kwa tapentaini kidogo, unampaka farasi mwili mzima hadi anakuwa mchafu mchafu na unaona umeharibu kila kitu. Hujaharibu. Subiri dakika 15 au 20 halafu chukua kipande cha sponji, hata cha godoro kinafaa, ufute taratibu kwenda chini. Juu ya misuli rangi inatoka, kwenye mikunjo ya shingo na katikati ya miguu ya mbele na chini ya tumbo inabaki yenyewe, na hakuna mstari mkali popote. Kazi ya dakika 3 kwa farasi mmoja. Ukifuta sana anakuwa mweupe, ukifuta kidogo anabaki wa moshi, kwa hiyo mapacha wanaisha hapo hapo.

Halafu iache ikauke siku 3 au 4 kabla hujagusa kitu kingine. Hatamu na tandiko vinakuja baada ya hapo.

Wapandaji usiwagundishe kabisa mpaka mwisho. Mpandaji mbandike kwenye kizibo cha chupa, farasi kwenye kijiti cha aiskrimu, kila mmoja unampaka peke yake unamgeuza unavyotaka. Ila pale kwenye tandiko wanapokutana acha plastiki tupu, gundi ya plastiki haishiki juu ya rangi.

Saisi_Muscat

Jamani mi sipaki vijisanamu, nimeletwa huku na neno farasi. Nahudumia farasi Oman mwaka wa 7 sasa, natoka Tanga, na picha ulizoweka kaka yangu nimeona tatizo kabla sijasoma maelezo. Umewapaka weupe kama mbuzi. Farasi unayemwita mweupe sisi zizini tunamwita wa kijivu, na karibu wote hawakuzaliwa hivyo. Mtoto wake anazaliwa mweusi au kahawia kabisa, halafu kila mwaka anapauka, mpaka akizeeka ndo anakuwa mweupe. Ngozi ya chini inabaki nyeusi maisha yake yote. Ukimwogesha akilowa unaiona.

Sasa angalia hapa. Kwa sababu ngozi ni nyeusi, sehemu zenye manyoya machache zinaonekana za giza, yaani pua na midomo, kuzunguka macho, na sehemu za ndani za mapaja. Hiyo pua ndo kitu cha kwanza nilichokosa kwenye farasi wako, umeipaka nyeupe mpaka mwisho. Weka kijivu cha makaa pale kwenye pua na ukipeleke juu kidogo kikififia. Wenye umri wa kati bado wana giza kwenye magoti na vifundo vya nyuma, miguu ndo inachelewa kupauka. Na hao hao ndo wana yale madoa ya duara kama sarafu, hayakai mwili mzima, yanakaa sana matakoni na mbavuni na begani. Madoa yenyewe ni mepesi na nafasi kati yake ndo ya giza, watu wengi wanachora kinyume wanapata chui. Wazee weupe nao wengi wana vidoa vidogo vyekundu vya kutu mwili mzima, vidogo sana, na shingoni na usoni vinajaa zaidi.

Kikosi cha watu wazima kitakuwa na wote hao pamoja. Katika 12 wako mimi ningeweka wanne wa moshi wenye sarafu, watano wa katikati, na watatu weupe wenye singa nyeupe.

BrashiNamba2

Ahsante sana mkuu wa Muscat, nimepaka farasi miaka kumi na hilo la madoa kuwa mepesi sikulijua, nimeenda kuangalia wangu na kweli nimewachora kinyume. Kwa ukubwa wa milimita 28 madoa usiyachore duara kamili, gusa gusa kwa ncha ya brashi namba 0, kijivu nyepesi, matano sita kwenye tako yanatosha.

Mwana_wa_Likoni

Ndugu yangu wa Tabata we uko pwani kama mie, kwa hiyo nikuambie la vanishi mapema. Mwaka juzi nilimaliza kikosi kizima cha kuirasia wa Ufaransa, wale wenye dirii za chuma, miezi miwili ya kazi, nikatoka nao uani asubuhi baada ya mvua nikawapulizia vanishi isiyong'aa ya kopo. Kufika saa nne wote wamepata ukungu mweupe, dirii hazionekani chuma tena zinaonekana kama maziwa yamemwagika. Ni unyevu wa hewa ule unanaswa ndani ya vanishi. Niliokoa wengi kwa kuwapaka vanishi ya kung'aa kwa brashi juu yake, ukungu ukaondoka, ila singa za helmeti hazikurudi sawa. Tangu hapo napaka vanishi ya maji kwa brashi, sipulizi tena. Praima vilevile, puliza mchana jua likiwa kali, si asubuhi wala magharibi.

Na mwambie jamaa yako wapiga tarumbeta wake wa kuirasia awape farasi wa kijivu, Wafaransa walikuwa na desturi hiyo ili mpiga tarumbeta aonekane mbali, na wao hawakuvaa dirii.

Mama_Kete

Habari zenu. Mimi naongeza upande wa historia kwa sababu kikosi hiki nakipenda sana. Scots Greys walikuwa brigedi moja na Royals wa Uingereza na Inniskillings wa Ireland, ndo maana ikaitwa Union Brigade, na wa kijivu walikuwa wao peke yao, wale wengine wawili paka kahawia na weusi. Usiku wa Juni 17, 1815, kuamkia vita vya Waterloo, mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi uwanja wote ni tope. Kwa hiyo naomba mdogo wangu usiwapake farasi safi. Tope mpaka magotini, na marasharasha ya tope kwenye tumbo, chukua mswaki wa zamani uguse rangi ya kahawia halafu upitishe kidole kwenye nywele zake rangi iruke. Kofia zao za manyoya ya dubu siku ile zilivikwa kitambaa cha mvua, cheusi, kwa hiyo angalia kwenye boksi kama kuna vichwa vya aina hiyo. Suruali ni za kijivu, koti jekundu, kola na mikono ya buluu iliyokoza.

Na mmoja kati yao mpe Tai, ile sanamu ya tai waliyoibeba Wafaransa juu ya mti wa bendera ya rejimenti. Sajini Charles Ewart aliiteka Tai ya Rejimenti ya 45 ya Ufaransa siku ile, mpaka leo ipo kwenye ngome ya Edinburgh.

BrashiNamba2

Dada Kete kwenye tope sikubaliani na wewe sana, mtu kahangaika na sarafu za matakoni halafu umrushie tope? Miguu sawa, tumboni aache.

Mama_Kete

Tope haliwi juu ya tako kaka, likienda tumboni sarafu zipo pale pale. Waliokufa brigedi ile iliposhambulia walikuwa na farasi waliochoka kwa tope hilo hilo, kamanda wa brigedi Ponsonby akiwemo. Mimi farasi msafi wa Waterloo siwezi kumweka mezani.

Mdau_wa_Tabata

Wakuu nimerudi. Wikiendi nimejaribu farasi mmoja tu, praima ya kijivu, mafuta, dakika 20, sponji. Nilipofuta tako la kulia misuli ikajitokeza yenyewe na mkunjo wa nyuma ya paja ukabaki na kivuli laini, nilikaa namtazama kwenye taa nusu saa nzima. Pua nimeweka makaa kama ulivyosema mkuu wa Muscat na uso ukabadilika kabisa, sasa anaonekana anapumua. Wale wanne wa mwanzo nawaloweka niwatoe rangi nianze upya. Tope nitaweka dada Kete, miguu na tumbo.

Swali la mwisho kwa Saisi, kwato nizipake rangi gani? Kwenye boksi wameonyesha rangi ya krimu wote.

Saisi_Muscat

Hapana kaka, krimu siyo. Kwato inafuata rangi ya ngozi iliyo juu yake, na hawa ngozi ni nyeusi, kwa hiyo kwato kijivu cha giza karibu na nyeusi. Akiwepo mmoja aliyezaliwa na soksi nyeupe mguu mmoja, huo mguu peke yake ndo mpe kwato ya krimu, na ngozi ya hapo ni ya waridi.