Mjadala: Dereva wa tuktuk na spika za masikioni, turuhusu au tukatae?

Mleta mada
Ndugu zangu wa Mombasa, juzi jioni nilipanda tuktuk Mwembe Tayari kwenda Kisauni. Dereva ana spika masikioni, anabishana kwa simu na mtu wa Voi juu ya bei ya mbuzi. Mikono iko kwenye usukani, macho mbele. Karibu na Buxton mkokoteni wa maji ukakata barabara. Aliuona, akazidi kuuendea, na breki hakushika mpaka mama tuliyekaa naye alipopiga yowe. Mtungi mmoja ulianguka ukapasuka. Hamali alisimama kimya, anatetemeka.

Sheria inakataza kushika simu ukiendesha, na wengi huona ukiitia sikioni basi umesalimika. Mimi nasema chombo kikiwa mwendoni simu isipokewe kabisa. Tatizo haliko mkononi, liko nyuma ya paji la uso. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo hushika lengo, sasa naendesha, sasa najibu, ikisaidiana na sehemu ya utosini inayoelekeza umakini. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, waliwapa watu kazi mbili za papo hapo ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo ukifanya kazi. Eneo dogo la mbele upande wa kushoto lilishughulikia moja, ya pili ikangoja zamu, kama magari Likoni yakingoja feri.

Dereva, Bamburi
Dada, kwa heshima zote. Miaka 11 niko barabarani, nimeshazoea. Wateja wangu wote hupiga simu, ndiyo riziki yangu hiyo. Na abiria anayeniongelesha toka Buxton hadi Bamburi, naye tumzibe mdomo?

Mleta mada
Kaka, la mazoea nakubali nusu. Mwaka 2009 wale wale wa Vanderbilt waliona kwamba mazoezi hupunguza foleni hiyo ya ubongoni, kwa sababu eneo lile huharakisha kila kazi. Lakini walizoezwa kazi zile zile. Mkokoteni wa juzi hukuuzoea wewe wala dereva yule.

Abiria anaiona barabara. Hatari ikija hunyamaza, au hupiga yowe kama yule mama. Mtu wa Voi ataona nini? Chuo Kikuu cha Utah mwaka 2001 kilipima watu kwa zoezi la kuigiza udereva: walipoongea na simu, taa zilizowapita bila kuonekana ziliongezeka zaidi ya maradufu, na aliyeshika simu na asiyeshika walikuwa sawa. Redio haikuwa na madhara hayo.

La riziki ndilo linaloniuma, na hapo sisi wateja tuna makosa. Tunapiga mara tatu mfululizo, asipopokea tunaita mwengine. Jana nilipiga mara moja nikangoja. Dereva alisimama kando pale Kongowea ndipo akanirudia. Nilichelewa dakika nne.

Dereva, Bamburi
Wazazi wa watoto wa shule nitawaambia, hao watanielewa. Lakini mteja wa kwenda uwanja wa ndege, dada, huyo hangoji.