Naomba ushauri: Seiko ya njano ya marehemu mjomba, mshale haurudi na fundi anataka kupaka rangi

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua saa za zamani.

Marehemu mjomba, alikuwa baharia, ameniachia Seiko 6139 ya uso wa njano, saa ya mkono yenye kipima-muda cha kuanzisha na kusimamisha kwa vitufe. Ni ndugu ya ile aliyovaa mwanaanga William Pogue kwenye Skylab 4, safari ya kituo cha anga cha Marekani, Novemba 1973 hadi Februari 1974, siku 84 juu huko. Saa rasmi ya NASA ilikuwa Omega Speedmaster ya kutia ufunguo. Seiko hii inayojijaza yenyewe mkononi, Pogue aliizoea mazoezini, basi akaondoka nayo bila ruhusa. Yangu namba yake inaanza na 24 (2 ni mwaka, 4 ni mwezi), kwa hesabu yangu ni Aprili 1972.

Shida ni hii: nikibonyeza kitufe cha chini, mshale wa sekunde wa kipima-muda haurudi kwenye 12. Unaganda kama sekunde nne mbele. Majira yenyewe inashika vizuri tu. Fundi wa kwanza kaisafisha, ikarudi vilevile. Wa pili anataka kuung'oa mshale na kuupachika upya, na "tukiwa humohumo" aupake uso rangi, maana njano imefifia na kuna madoa karibu na 7.

Je, mshale utakuwa umelegea tu, au ni nyundo ya ndani inayourudisha ndiyo imelika? Na hiyo rangi, nikubali au nimkatalie? Mimi nasita. Nilikuwa naziona alama zile mkononi mwake tangu niko darasa la pili.