Naombeni ushauri: Nebraska tumekwama kwenye ushindi wa 5, na nilimwahidi mwanangu safari ya Bowl

Mjukuu wa Ujiji (18 Novemba 2024)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mnisome kwa utulivu, hasa mlioko Marekani mnaoujua mpira wa Kimarekani wa vyuo.

Naishi Lincoln, Nebraska, huu mwaka wa tisa. Mwanangu wa kwanza ana miaka 12, tumefika hapa akiwa wa miaka mitatu. Jimbo hili halina timu ya NFL, ile ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, kwa hiyo timu ya chuo kikuu, Cornhuskers, ndiyo timu ya kila mtu, kuanzia mkulima wa mahindi mpaka jirani yangu fundi bomba. Uwanja wao, Memorial Stadium, tiketi zimekuwa zikiisha kila mechi tangu 1962. Mtoto amekulia humo. Kiswahili chake cha kuungaunga, lakini miaka ya ubingwa hakosei hata mmoja: 1970, 1971, 1994, 1995, 1997.

Agosti nilimwahidi kwamba timu ikifikisha ushindi 6, nampeleka kwenye Bowl popote watakapopangiwa. Akachukua karatasi akachora visanduku 12, idadi ya mechi za msimu, akaibandika kwenye friji. Kila tukishinda anatia tiki kwa kalamu nyekundu. Tukaanza vizuri mno: mechi 6, ushindi 5. Chuo cha Colorado tuliwapiga 28 kwa 10, mitaa haikulala. Nikaanza kuulizia likizo kazini.

Halafu mambo yakageuka. Indiana wakatubamiza 56 kwa 7. Ohio State 21 kwa 17, ugenini. UCLA 27 kwa 20, hapa hapa nyumbani, na siku hiyo tulikuwa uwanjani mimi na yeye. Juzi Jumamosi USC, 28 kwa 20. Tiki ni 5 tangu mwanzoni mwa Oktoba. Na mwaka jana ilikuwa hivi hivi: ushindi 5, kisha vipigo 4 mfululizo, msimu ukafia hapo. Kwa misimu hii miwili tumeuendea ushindi wa 6 mara 8, na mara zote 8 tumerudi mikono mitupu.

Jumamosi usiku natoka zamu, nakuta mlango wa friji hauna karatasi. Nimeiona kwenye droo ya vijiko, imekunjwa mara nne. Asubuhi nilipomuuliza akasema, "Baba, sitaki kuangalia tena." Hakulia. Angelia ningejua la kumwambia.

Sasa kuna mwenzangu kazini, kwao wana tiketi za msimu tangu enzi za babu yake. Ananiuzia mbili za Jumamosi hii dhidi ya Wisconsin, dola 80 kila moja. Hela niliyo nayo ni ile ya akiba ya Bowl. Wisconsin hatujawafunga tangu 2012, mwaka aliozaliwa huyu mtoto. Baada ya hapo tunakwenda Iowa, basi, mechi zimekwisha. Mama watoto anasema nimwache apumzike, nisimburute kwenye baridi akavunjike moyo tena. Nimpeleke au nimwache? Na ile ahadi, timu ikiishia 5, nifanyeje?

Nawasilisha.

Msimbazi Damu

Pole sana mkuu. Mimi niko Dar, mchezo wenyewe siujui, ila hiyo karatasi kwenye droo imenigusa. Sisi Simba tulikaa bila ubingwa wa ligi kuanzia 2012 mpaka 2018, najua mtoto anavyorudi shule siku ya pili. Swali: Bowl ni kombe, au ni nini?

Kapteni wa Omaha

@Msimbazi Damu, Bowl si kombe moja. Ni mechi za mwisho wa mwaka, zipo karibu 40, kila moja mji wake na jina lake. Timu bora kabisa zinagombea ubingwa, na mwaka huu kwa mara ya kwanza ni timu 12. Zilizobaki zenye angalau ushindi 6 zinaalikwa kwenye Bowl, mechi moja tu, unacheza na timu usiyokutana nayo kila mwaka. Mashabiki wanasafiri, wanajaza hoteli, miji inachangamka.

Sasa nikurudie mkuu. Mimi nimefika Omaha 1996. Wakati huo mtu angekuambia Nebraska itakosa Bowl ungemcheka. Timu hii ilicheza Bowl miaka 35 mfululizo, 1969 mpaka 2003. Kocha Tom Osborne alikaa miaka 25 na hakuna msimu hata mmoja aliopata ushindi chini ya 9. Nilikuwa hapa anastaafu na ubingwa wa 1997. Siku hizo Bowl ilikuwa kama sikukuu, unajua ipo, unachouliza ni inaangukia mji gani.

Bowl ya mwisho ilikuwa Nashville, Desemba 2016, tukafungwa na Tennessee. Mwanao alikuwa na miaka minne! Miaka ya ubingwa anayoitaja ni hadithi tulizomsimulia sisi watu wazima. Yeye kwa macho yake ameona vipigo vya dakika za mwisho tu. Mwaka 2021 tulipoteza mechi 9, zote kwa tofauti ya pointi zisizofika 10. 2019 na 2023 Iowa walitunyima ushindi wa 6 kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Kwa hiyo usimwone mtoto mwepesi wa kukata tamaa. Amevumilia mengi kuliko mimi nilivyovumilia nikiwa na umri wa baba yake.

Mpeleke. Lakini mwombe kwanza, usimwamrishe.

Bibi wa Bukavu

Ndugu yangu, pole. Mimi niko Iowa City, kwa hiyo Ijumaa ya wiki ijayo tutakuwa maadui, leo acha niongee kama mama.

Kosa si kuahidi. Kosa ni kuifunga ahadi kwenye miguu ya vijana wa chuo ambao si wewe wala mtoto anayeweza kuwasaidia. Mtoto wa miaka 12 anasikia hivi: safari na baba ipo kama fulani ataudaka mpira, haipo kama utamponyoka. Ndiyo maana kila kipigo kwake kina uzito mara mbili, ameikosa mechi na amemkosa baba. Ukitoka zamu ya usiku, muda wenu pamoja ni upi? Naona ni Jumamosi za mpira tu.

Mwambie leo, kabla ya mechi, kwamba safari ipo. Ushindi 6 ikiwa Bowl, ushindi 5 iwe mahali pengine, hata mji wa saa tatu kwa gari. Ukimwambia baada ya kufungwa, ataiona kama pole.

Chuma Ulete

Mimi natofautiana na wenzangu. Dola 160 za tiketi, bado maegesho, bado chakula, kwa timu iliyofungwa mara 4 mfululizo? Na hata mkipata hiyo Bowl, wachezaji wengine watakuwa wamejitoa kujilinda na majeraha kabla ya kwenda NFL, wengine wamehamia vyuo vingine. Unampeleka mtoto kuona nusu ya timu. Weka hela hiyo kwenye masomo yake. Sisemi kwa ubaya, nimeona familia nyingi za wahamiaji hapa zikifuata mambo ya wenyeji mpaka zinapitiliza.

Kapteni wa Omaha

@Chuma Ulete, hoja ya hela naipokea. Hiyo ya "mambo ya wenyeji" naikataa. Mtoto aliyekulia Lincoln tangu miaka mitatu ni mwenyeji. Hii ni timu yake.

Fundi Mahesabu

Mkuu, mambo mawili ya vitendo.

Usinunue tiketi ya ndege hata mkishinda Jumamosi. Bowl zinapangwa Jumapili ya Desemba 8. Kwa timu za Big Ten, kundi la vyuo ambamo Nebraska inacheza, inaweza kuwa Detroit, New York, Nashville, Phoenix, au Florida. Hakuna ajuaye mpaka watangaze, na wauza tetesi mtandaoni watakuambia wanajua.

La pili, ushindi 5 si lazima uwe mwisho. Timu zenye ushindi 6 zikipungua, nafasi zinazobaki hupewa timu za ushindi 5 kwa kufuata alama za maendeleo ya masomo ya wachezaji. Mwaka 2015 Nebraska hii hii iliingia hivyo ikiwa na ushindi 5 na vipigo 7, ikaenda California ikawafunga UCLA 37 kwa 29. Usimpe mtoto hilo kama tumaini la kushikilia, ila ajue limewahi kutokea.

Mjukuu wa Ujiji (20 Novemba)

Nimesoma yote, mara mbili. @Bibi wa Bukavu, maneno yako nimemsomea mke wangu kwa sauti. Akakaa kimya, kisha akasema, "Huyo mama amekuona."

@Chuma Ulete, nashukuru pia, hela ya masomo iko pembeni, siigusi.

Leo nimemwambia mtoto safari ipo, wafungwe wasifungwe. Akaniuliza, "Hata wakifungwa 56?" Nikamwambia hata hivyo. Kisha nikamwomba anisindikize Jumamosi kwa sababu mimi ndiye ninayetaka kwenda. Akasema atafikiria.

Mjukuu wa Ujiji (23 Novemba, usiku)

WAKUU! 44 KWA 25!

Sauti sina. Miaka 12 ya kuonewa na Wisconsin imekwisha leo na mimi nilikuwepo!

Asubuhi alitoka chumbani amevaa koti lake jekundu, hakusema kitu, akaenda kukaa kwenye gari. Kipindi cha kwanza chote alikaa viganja kavificha ndani ya mikono ya koti, kila tukifunga ananiangalia mimi kwanza kabla ya kushangilia, kama anauliza ni halali. Robo ya nne, pengo likiwa haliwezi tena kuzibwa, akaingiza mkono mfukoni akatoa ile karatasi. Sikujua kama aliichukua kwenye droo! Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kifuniko cha kalamu akakifungua kwa meno. Akaniambia, "Baba, geuka." Akaiweka karatasi mgongoni kwangu akatia tiki ya sita. Mzee mmoja wa Kizungu nyuma yetu, hatujuani, alikuwa akimtazama huku machozi yanamtoka.

Bibi wa Bukavu

Sasa na mimi nalia, na ni shabiki wa Iowa. Ijumaa lakini tutawafunga.

Mjukuu wa Ujiji (8 Desemba)

Mlitufunga kweli, 13 kwa 10, na tena kwa mkwaju wa mwisho. Safari hii mtoto alizima televisheni akaenda kula.

Wametangaza leo: Pinstripe Bowl, Desemba 28, dhidi ya Boston College, Yankee Stadium kule Bronx, New York. Ni uwanja wa besiboli, watachora mistari ya mpira wa Kimarekani juu yake. Mtoto amekwisha kutafuta ramani ya treni za chini ya ardhi.

Nauli ya watu wawili nimeipiga hesabu, inawezekana kwa kubana. Kinachonishinda ni hoteli za wiki ile kati ya Krismasi na mwaka mpya. Kuna mwenye ndugu Bronx au karibu anayeweza kutusitiri usiku mbili? Tunalala hata chini, chakula tunakuja nacho.

Kapteni wa Omaha

Dada yangu yuko Bronx, treni moja tu mpaka uwanjani. Nimeongea naye sasa hivi, anauliza mtoto anakula pilau yenye pilipili au isiyo na pilipili. Nimekuandikia pembeni.