Umewahi kuchoka na kazi hadi mwili ukagoma? Tupeane uzoefu

Bi Mizania:
Wakuu, habari za usiku.

Leo mchana kuna dogo ofisini, yule anayepewa wateja wakubwa kwa sababu hakosei, kaulizwa swali la kawaida tu: "Ile orodha ya mali za kudumu imekamilika?" Akaanza kulia. Tena mbele ya mteja. Meneja akasema apewe maji. Akapewa, akanywa, akarudi kwenye kompyuta kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ni ukaguzi wa hesabu, na waliomo wanajua Januari hadi Machi kunakuwaje. Nimekumbuka mwaka wangu. CPA, mitihani ya juu ya uhasibu, nimeshamaliza, cheo nimepanda, kwenye vikao vya ukoo natolewa mfano. Ila Jumapili ikifika saa kumi na moja jioni tumbo linakaza. Barua pepe moja naisoma, nairudia, sielewi mtu anataka nini. Watoto wakiniita nasikia kelele tu.

Nani kapitia? Ulitokaje? Na tafadhali msiniambie "pumzika", hiyo naijua.

Mwana wa Ruvu:
Hiyo Jumapili jioni dada, acha kabisa.

Sina Haraka:
Nyie wa viyoyozi kila kitu mnakipa jina. Mama lishe wa Kariakoo anaamka saa tisa usiku na hajawahi kufungua uzi.

Bi Mizania:
Mama yangu kauza chakula Tandika, mkuu. Alichoka hadi akawa hatusemeshi, tukadhani katuchukia. Uzi angeufungua na bando la nani?

Sina Haraka:
Sawa, nimekaa.

Zamu ya Usiku:
Mimi ni daktari, naandika wodini kukiwa kimya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza hali hii, kwa Kiingereza burnout, kwenye orodha yake ya magonjwa ya toleo la 11, ila likasema wazi si ugonjwa, ni hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Dalili tatu: nguvu kuisha, kuichukia au kuidharau kazi uliyokuwa unaipenda, na kuona huna ufanisi tena kazini. Mimi niliijua ya pili nilipoanza kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda.

Ila msijitibu kwa kusoma nyuzi. Pima damu, sukari na tezi ya shingo kwanza. Na kama huzuni inakufuata hata ukiwa likizoni, inaweza kuwa sonona, ambayo ni ugonjwa na ina dawa.

Tai Shingoni:
Ngoja niseme, humu hakuna anayenijua.

Nilikuwa naongoza tawi la benki. Kanda nzima tulikuwa wa kwanza, cheti kimetundikwa ukutani kwangu. Bosi ana tabia ya kutuma ujumbe saa tano usiku: "Umelala?" Ukijibu umelala, anatuma jedwali.

Asubuhi moja gari liko gereji, natoka Kibamba kwenda mjini. Pale stendi ya Magufuli mpiga debe akanidaka: "Mbeya, Mbeya, bosi twende?" Nikasema twende. Wallahi sikupanga. Nikalipa nauli, nikazima simu, nikakaa dirishani na begi la laptopu mapajani.

Mikumi wenzangu wanaonyeshana twiga, mimi nimelala. Nimezinduka Ruaha Mbuyuni, vitunguu vimesukumwa dirishani hadi puani, kijana anasema "kaka, malizia hii ndoo". Nikanunua ndoo nzima. Sijui nakwenda wapi, nina ndoo ya vitunguu. Tukapanda Kitonga nyuma ya malori, pole pole, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuwa na haraka. Makambako nikashuka kwa sababu ya baridi. Nilitaka blanketi tu.

Nikachukua gesti. Nalala, naamka, wali maharage, nalala tena. Sikunywa, sikulia. Kumbe Dar mke kaenda polisi, kaka anazunguka mochwari, picha yangu iko kila grupu: "Ndugu yetu ametoweka." Ofisini kwangu kitu cha kwanza walichofanya si kunitafuta, ni kuhesabu fedha za hazina. Haikupungua hata shilingi.

Dada wa mapokezi ndiye aliyenibaini. Kaja na simu mkononi: "Kaka, si wewe huyu? Wanasema ana tai nyekundu." Tai ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma yake.

Mwana wa Ruvu:
Walihesabu hela kwanza!!! Nimeishiwa nguvu.

Kipanga wa Gongo la Mboto:
Samahani mkuu, vitunguu vilifika Dar?

Tai Shingoni:
Vilipikwa gesti.

Bi Mizania:
Na shemeji alisemaje?

Tai Shingoni:
Alikuja na kaka kunichukua. Kimya hadi Mafinga, hapo akauliza kama nimekula. Daktari aliniandikia mapumziko, na niliporudi nikaomba mwenyewe wanishushe cheo. Sasa napitia maombi ya mikopo, siongozi mtu. Mshahara umeshuka, mtoto tumemhamisha shule, baadhi ya marafiki wamepungua. Usingizi upo.

Kifungu kwa Kifungu:
Jamani someni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Saa 45 za kawaida kwa wiki. Likizo siku 28 mfululizo. Likizo ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili, zilizobaki nusu. Mnakufa na haki zenu mfukoni.

Bi Mizania:
Saa 45 nazimaliza Alhamisi. Tena mameneja wanaosimamia wenzao na kuripoti kwa wakubwa, vifungu vya saa za kazi haviwahusu, umeviruka hivyo?

Kifungu kwa Kifungu:
Likizo inawahusu.

Mzee wa Githurai:
Huku Kenya tuna 21.

Kipanga wa Gongo la Mboto:
Poleni majirani 😂

Mzee wa Githurai:
21 za kazi, ndugu. Zenu 28 zinahesabu Jumamosi na Jumapili. Toa hizo, unabaki na 20. Pole wewe.

Kipanga wa Gongo la Mboto:
Mods, futa huyu.

Shamba Kwanza:
Suluhisho ni moja: acha kazi, fuga kuku wa mayai. Hakuna bosi.

Mwana wa Ruvu:
Mimi niliacha kazi nikafuga. Kideri kilipita wiki moja, banda zima chali. Bosi angalau hafi usiku.

Zamu ya Usiku:
Kilichonisaidia mimi: simu ya kazi inalala sebuleni, si chumbani.

Sina Haraka:
Niliwahi kuzima simu saa moja jioni kila siku. Mkataba ulipoisha haukurudi. Shauri kwa tahadhari.

Bi Mizania:
Nimemwandikia yule dogo, ananijibu "niko sawa dada, nimalizie tu mteja huyu". Na mimi fomu ya likizo nimejaza, utumishi wanasema nisubiri tarehe 30 Juni ipite, ritani za kodi za TRA ziishe.

Tai Shingoni:
Juni ikiisha watakwambia bajeti, bajeti ikiisha watasema ukaguzi wa kati. Peleka fomu tena kesho, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na dogo mpigie, usimwandikie.

Kipanga wa Gongo la Mboto:
Hiyo gesti ya Makambako shilingi ngapi kwa usiku? Namuulizia rafiki.