Ushauri: Nina bima kubwa, nimepata ajali Mnazi Mmoja, kampuni iko kimya na majeruhi ameniletea barua ya wakili

Mtoto wa Chikongola (mleta uzi):

Wakuu, shikamoo kwa wakubwa, na habari za jioni kwa wengine. Naombeni mawazo yenu, maana usingizi umenikimbia.

Ninaishi Mtwara mjini, nina Noah ya familia. Mwezi wa tatu niliikatia bima kubwa, ile ya comprehensive. Thamani tuliyokubaliana ni milioni 14, asilimia 3.5 yake 490,000, na VAT juu yake nikalipa 578,200. Nililipa yote siku hiyo hiyo, stika nikaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ikasoma vizuri.

Mwezi wa kumi na moja natoka Masasi, giza limeshaingia, nikafika njia panda ya Mnazi Mmoja. Bodaboda akachomoza kutoka kushoto, taa hana. Nilikanyaga breki, gari likaserereka likampiga ubavuni. Kijana alivunjika mguu, tukamkimbiza hospitali Lindi, na namshukuru Mungu yuko hai. Trafiki walikuja wakapima na kuchora ramani. PF 90, ile ripoti ya polisi ya ajali, ninayo, ripoti ya ukaguzi wa gari ninayo. Kesho yake asubuhi nikampigia wakala na kujaza fomu ya madai.

Sasa ni wiki ya tisa. Asesa, yule mtathmini wa hasara wa bima, hajafika. Nikipiga simu naambiwa faili liko Dar. Gari liko gereji chini ya mwembe, bonati imejikunja, na mvua ikinyesha maji yanatuama pale ilipokuwa taa ya kushoto. Fundi ameanza kudai hela ya maegesho. Halafu Ijumaa ikaja barua ya wakili: kijana anadai milioni 9 ndani ya siku 14, la sivyo mahakamani. Wazee wa pande zote wananiambia nitoe milioni 3 tuyamalize nyumbani. Wakala naye anasema, "Hilo la majeruhi ni lako, sisi tunaangalia gari tu."

Ni kweli? Kampuni ina wajibu gani kwangu kisheria? Au niuze kiwanja cha Naliendele niwalipe?

Korosho Ghafi:

Pole sana mkuu. Kiwanja usiuze kwanza. Subiri wanaojua waje.

Mama Nangurukuru:

Mwanangu, pole. Kabla hujashauriwa lolote, sema ukweli hapa: nani alikuwa anaendesha? Leseni ilikuwa hai? Na ulikuwa umebeba abiria wa kulipa? Mdogo wangu alikataliwa madai yake kwa sababu gari lilikatiwa bima ya binafsi, siku ya ajali likakutwa na abiria saba wenye nauli.

Mtoto wa Chikongola:

Asante sana mama, shikamoo. Niliendesha mwenyewe, leseni hai, daraja D. Ndani alikuwemo mama yangu mzazi na magunia yake mawili ya korosho. Hakuna aliyelipa hata senti.

Dawati la Madai:

Basi umesimama pazuri. Nimekaa kwenye kazi ya madai ya bima miaka 11, nisome taratibu.

Wakala wako amekupotosha, na linaniuma kwa sababu kila siku kuna mtu anauza mali kwa maneno kama hayo. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ndiyo inayotulazimisha wote kuwa na stika, na iliwekwa kwa ajili ya mtu wa nje anayeumia au kufa. Kinga hiyo ya mtu wa nje ndiyo bima ndogo. Bima kubwa ni hiyo hiyo, ikaongezewa kinga ya gari lako. Kijana akishinda kesi, kifungu cha 10 kinaibana kampuni imlipe kwa mujibu wa hukumu. Ila kampuni lazima iwe imepewa taarifa ya kesi. Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Mtu anapokea barua ya wakili, anaificha kabatini. Inakuja samansi, yaani wito wa mahakama, anaogopa, haendi. Hukumu inatoka ya upande mmoja, na kampuni inasema haikujua.

Kwa hiyo barua hiyo ya Ijumaa ifikishe kwao kesho. Samansi ikija, ifike kwao siku hiyo hiyo.

Sasa fungua mkataba wako, kwenye masharti. Utakuta umekatazwa kukiri kosa, kuahidi au kulipa chochote bila idhini yao. Watu hulisoma sharti hilo kama kitisho, lakini linawafunga na wao. Wamejitwalia haki ya kuyaendesha madai hayo, basi ni juu yao kuongea na wakili wa kijana na kukuwekea wa kukutetea. Hawawezi kukufunga mdomo kisha wakakuacha peke yako. Ukitoa milioni 3 kimya kimya umewapa sababu ya kukataa.

Kumtembelea kijana na kumpelekea uji siyo kukiri kosa. Nenda tu. Ila usisaini karatasi yoyote.

Kwa upande wa gari, wanatakiwa kutuma mtathmini, kukujibu kwa maandishi kama wamekubali au wamekataa na kwa sababu gani, kisha watengeneze au walipe, wewe ukichangia eksesi yako, yaani ile sehemu ya hasara ambayo mkataba umekuachia ubebe mwenyewe. Wakishakulipa, wakiona bodaboda ndiye mwenye kosa, watamdai yeye au bima yake kwa jina lako. Faini ya trafiki, kama utashtakiwa na kutiwa hatiani, hiyo ni yako mwenyewe. Bima hailipi.

Chuma cha Newala:

Mimi sikubaliani sana. Kesi inaweza kuchukua miaka, na huyo kijana mguu unamuuma leo. Huku kwetu mambo haya yanamalizwa na wazee, watu wanabaki ndugu.

Dawati la Madai:

Mzee, nakuelewa, na kumalizana ni jambo jema. Lakini mwenye kumalizana hapa ni kampuni. Waandikie kwamba familia iko tayari kuzungumza, wakae na wakili wao, walipe, na hati ya makubaliano isainiwe. Kijana atapata haki yake mapema, na huyu hatadaiwa tena mwakani kwa mguu ule ule.

Mama Nangurukuru:

Na barua isiende kwa wakala peke yake. Andika kwa kampuni, nakala TIRA. Ofisi ya kanda iko hapo hapo Mtwara. Wakikukatalia au wakikaa kimya, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, malalamiko anayapokea bila malipo. Kila simu uliyopiga, andika tarehe yake.

Mtoto wa Chikongola:

Nimerudi wakuu. Jana nilipeleka barua mbili: moja ya kudai asesa na jibu la maandishi, nyingine ya kuwakabidhi barua ya wakili. Nakala zangu zimegongwa muhuri wa kupokelewa, ya TIRA pia. Leo saa nane mchana nimepigiwa simu kutoka Dar. Asesa anakuja Alhamisi, na mwanasheria wao ameomba namba ya wakili wa kijana. Wazee nimewaeleza, wamekubali kusubiri. Jioni nakwenda Lindi na mama kumwona mgonjwa.

Korosho Ghafi:

Msalimie. Na mwambie fundi asiguse hata boliti moja kabla ya Alhamisi. Piga picha pande zote leo, kungali na mwanga.