Pampu za visima vya Shela: zijiwashe zenyewe au abaki mtu?

BintiLangoni: Gumzo la wiki nzima hapa Amu (Lamu) ni pampu za visima vya kijiji cha Shela. Kuna wanaotaka zijiwashe na kujizima kwa sensa (kifaa cha kuhisi hali ya maji na umeme) na invata (kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota), kuna wanaotaka mtu abaki kwenye swichi kama zamani. Nyinyi mwaonaje?

MtuWaWaya: Sensa. Maji matamu ya Shela yaelea juu ya maji ya chumvi chini ya vile vilima vya mchanga. Ukiyavuta kwa pupa chumvi yapanda. Kama sikosei, matamu yakishuka mita 1 chumvi yaja juu kama mita 40. Invata hupunguza mwendo wa mota, kisima kikapumua. Tena mota ya feizi tatu, yaani ya nyaya tatu za umeme, ukiiwasha moja kwa moja hula umeme kama mara 6 ya kawaida yake. Na sensa haiendi barazani kupiga soga.

Ami_Mkomani: Hilo la barazani wamlenga nani? Babangu kashika swichi miaka 20. Aweka kiganja kwenye bomba, likitetemeka ajua pampu yavuta hewa, azima. Haikuungua mota hata moja.

MtuWaWaya: Samahani ami, sikumlenga mzee. Lakini feizi moja ikikatika saa nane za usiku, mota ikaanza kuungua, kiganja kiko wapi? Ndani ya shuka. Rilei, ile swichi ya kulinda mota, yazima yenyewe kwa sekunde.

Ami_Mkomani: Sasa shuka! Adabu imekushinda kijana.

KofiaNyeupe: Hiyo rilei ataitengeneza nani? Nilifungua kabati la umeme la pampu ya jirani: skrubu zimeota kutu ya kijani, mjusi mkavu kalala juu ya kontakta, swichi kubwa ya mota. Fundi tukamngoja avuke na boti kutoka Mokowe, ng'ambo bara, siku tatu twaoga kwa kopo.

BintiLangoni: Si liwekwe kabati la plastiki lenye mpira mlangoni?

KofiaNyeupe: Chumvi haitaingia, sawa. Na joto la invata litatokea wapi?

DadaShela: Mwagombania swichi, mabwawa ya kuogelea hamyataji. Chai yangu ina chumvi, wenzangu wapiga mbizi.

KofiaNyeupe: Na viwanja vyenye mabwawa hayo waliviuza kina nani, dada? Si nyinyi wa Shela?

DadaShela: Mimi sijauza hata shubiri!

MtuWaWaya: Jamani, tulikuwa kwenye sensa.

Ami_Mkomani: Wewe bado hujamwomba babangu radhi.