Tupeane uzoefu: ulimpokeaje Yesu, au kwa nini ulimkataa?

Wakuu, habari za jioni. Niko Kirumba, umeme umekatika, na kuna jambo linanikereketa tangu msiba wa jana. Kwetu tumezaliwa saba. Wengi tumebaki kanisani, wawili ni walokole wa kukesha, ila kaka mkubwa haingii kabisa. Jana wakati wa ibada alikaa nje chini ya mwembe na wazee wa kahawa. Na asije mtu akasema hajaisikia injili. Ukoo wetu ni wa Bukumbi, palepale Mapadri Weupe walipofungua misheni mwaka 1883. Kaisikia mpaka ya Kilatini.

Jana nilimuuliza sababu. Jibu lake nitaliweka, kwanza leteni yenu. Visa tu, anayetaka kubishana maandiko afungue uzi wake.

Mama Dagaa
Mimi nauza dagaa Mwaloni. Mume alifariki nikiwa na kichanga cha wiki tatu, mashemeji wakabeba mpaka godoro. Akaja mama mmoja jirani, mlokole, na kipande chake cha sabuni ya mche. Akafua nepi siku nne. Yesu hakumtaja hata mara moja, kazi yake ilikuwa kulalamika bei ya mkaa. Siku ya tano nikamuuliza mwenyewe: hilo kanisa lenu liko wapi?

Mjukuu wa Kisesa
Pole mama. Babu yangu alikuwa Myeye, wale wacheza nyoka. Katekista alimwambia ili abatizwe abaki na mke mmoja. Babu akamuuliza, "Nimwache yupi, aliyenizalia au aliyenilimia?" Katekista akaaga. Miaka baadaye tukampeleka Bujora kuona lile kanisa la mviringo, lililojengwa kwa mtindo wa nyumba za Kisukuma. Akaingia, akaegemeza fimbo ukutani, akatazama juu muda mrefu. "Hawa sasa wamejenga nyumba ya mtu." Akachukua fimbo, akarudi kwa wake zake. Alikufa bila ubatizo. Bibi zangu wote wawili walibatizwa baada ya hapo.

Jembe la Igogo
Mnicheke tu. Usabato ulinishinda kwa kambale. Miezi mitatu darasa la ubatizo, Ijumaa jua likizama nimeshafunga genge. Tukafika Walawi 11, samaki asiye na mapezi na magamba msile. Nikamkumbuka kambale wa moshi wa mama yangu, ule mchuzi wa karanga... Jumamosi iliyofuata sikuonekana.

Mama Dagaa
😂 Dagaa wana magamba lakini, ungebaki ukala wangu!

Mwanzisha uzi
Jembe umeniua. Haya, la kaka.

Shangazi aliyetulea alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996. Hatukumpata. Jumapili moja baadaye dada akatupeleka kwenye kanisa la walokole, tufarijiwe. Akasimama baba mmoja kushuhudia: alikuwa asafiri na meli ileile, Mungu akamchelewesha bandarini Bukoba, ikamwacha. Vigelegele, kinanda, watu wanaruka.

Kaka anasema aligeuka akamuuliza dada sikioni, "Na shangazi, nani alimwahisha?"

Dada hakumjibu. Alikuwa ameshanyoosha mikono analia, na siku hiyohiyo ndiyo aliyookoka. Walikaa benchi moja, mabega yanagusana.

Wengine endeleeni, nasoma mpaka chaji iishe.